Ngoma za Vijana Wetu na Mfuko Wetu Mdogo

Hotuba ya Kamati ya Vijana, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kakamega



Tumepewa na Kamati Kuu kazi ya kueleza habari ya jambo moja dogo katika mambo ya mwaka huu. Mweka Hazina amekwisha kuwasomea hesabu ya karo za watoto, ya misaada ya mazishi, na ya paa la chumba cha kusomea. Hayo ni makubwa kuliko haya yetu. Lakini katika ukurasa wa hesabu mliogawiwa kuna mstari mmoja ulioandikwa "Ngoma, Sh. 24,000", nasi tumesikia kwa masikio yetu, wakati wa chai, kwamba mstari huo umewachoma baadhi yenu. Mzee wetu mmoja aliuliza kama Chama cha ustawi kilianzishwa ili watu wacheze. Swali hilo ni la haki, na mwenye kuliuliza amelipa ada yake tangu wengi wetu tulipokuwa watoto. Kwa hiyo twaomba ruhusa tulijibu kwa urefu kidogo, bila kuficha makosa yetu, maana yapo.

Mwezi wa Machi vijana kumi na mmoja, wavulana tisa na wasichana wawili, walituletea barua iliyoandikwa kwa hati safi. Vijana hao ni wapigaji na wachezaji wa Isukuti, na baadhi yao hupiga ngoma kanisani siku ya Jumapili. Walisema kwamba wana ngoma tatu kama desturi itakavyo, lakini ile kubwa imepasuka ubavuni na imezibwa kwa kipande cha bati la mkebe wa mafuta. Ya kati ngozi yake ilitatuka mbele za watu katikati ya matanga, nao wakaendelea kupiga ubavu wa mti mpaka wafiwa wakawahurumia wao badala ya kuhurumiwa. Na ile ndogo si yao, ni ya jirani, naye amekwisha kuidai mara mbili. Walisema pia kwamba huitwa harusini na mazishini wakapewa chochote, lakini siku hizi waitaji huenda kwanza kuzitazama ngoma, na wakiliona lile bati huenda kwa wengine. Mwisho wa barua waliandika ya kuwa hawaombi zawadi, waomba mkopo, na kwamba wao wenyewe wamechanga Sh. 6,350. Fedha hizo walikuja nazo. Tulizihesabu juu ya meza ya Katibu, na nyingi zilikuwa noti za shilingi hamsini.

Huenda wapo miongoni mwetu wasioijua Isukuti sana, kwa kuwa wanachama wetu siku hizi watoka Butere, Mumias, Lugari na kwingineko. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho. Kiswahili chatumia neno moja kwa chombo na kwa mchezo, na wenyewe wamefanya vivyo hivyo, kwani jina la mchezo latokana na jina la chombo. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, tena hufuatana na pembe ya swala na vyuma vya kutikiswa. Mwimbishaji mmoja huongoza, wanaume katika safu yao na wanawake katika safu yao. Hupigwa mtoto azaliwapo, na katika jando, harusi, maziko, ibada na michezo. Anayekwenda Khayega au Malinya alfajiri ya siku ya fahali ataisikia kabla ya kuwaona fahali wenyewe. Na shabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964, hahitaji kuelezwa, kwa maana ameisikia uwanjani hata Nairobi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2014, katika mkutano uliofanyika Paris, Isukuti iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi. Wengi walishangilia, na hawakukosea. Lakini yafaa tukumbuke kwamba orodha za namna hiyo ni zaidi ya moja. Ngoma ya kifalme ya jirani zetu wa Burundi iliandikwa katika mkutano uo huo, nayo ikatiwa katika orodha ya urithi wa kuonyeshwa walimwengu. Yetu ilitiwa katika ile ya urithi unaohitaji kuokolewa upesi. Yaani wenzetu walipewa cheti cha heshima, nasi tukapewa kitanda cha hospitali. Na sababu ziliandikwa wazi: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi; watungaji wamevutwa na muziki wa biashara; watazamaji wapenda burudani za kisasa; tena hakuna fedha wala vifaa vya kutengenezea ala na mavazi. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo ile ile iliyokuwa katika barua ya vijana wetu, ila wao waliiandika kwa maneno ya bati na mkebe wa mafuta.

Basi tukakubali kuwakopesha. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, wala haukuanzwa na wazee. Vijana wenyewe walikuwa na mioyo miwili. Wanne kati yao walitaka fedha zote zinunue dramu, yaani zile ngoma za Kizungu ambazo mpigaji huketi katikati yake na sahani zake za shaba. Walisema, na si uwongo, kwamba makanisa mengi ya mjini sasa yana dramu, na mpigaji hodari aweza kuitwa popote. Wengine walitaka Isukuti mpya. Na katika Kamati yetu kila mmoja alikuwa na kanisa lake na kijiji chake. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nasi jioni ile tulikuwa wawamba ngoma saba kwa ngozi moja.

Tulituma watu wawili kwenda kuuliza bei. Dramu mpya iliyokuwa rahisi kuliko zote ilizidi mara mbili fedha zote tulizokuwa nazo, na mpigaji mmoja mwenye ujuzi aliyefuatana nao aliigonga mara tatu akatikisa kichwa. Maneno yake twayarudia hapa, kwa kuwa yatawafaa wale wanne siku yao itakapofika. Alisema kwamba mwenye fedha kidogo asinunue dramu mpya iliyo hafifu, bali atafute ya zamani iliyotengenezwa vizuri hata kama rangi yake imechubuka, aikague midomo ya mizinga kama imenyooka, azitazame sahani kama zina ufa, kisha fedha iliyosalia ainunulie ngozi mpya. Ngozi za dramu siku hizi si za mnyama. Tangu miaka ya 1950 zimekuwa zikitengenezwa kwa utando wa plastiki. Huko Marekani Remo Belli alianzisha kampuni yake ya kuzitengeneza mwaka 1957. Nazo hazijali mvua, jambo ambalo sisi watu wa Kakamega twaweza kulionea wivu.

Lakini dramu haitembei. Sababu hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi. Isukuti huvaliwa begani kwa ukanda, ikashikwa kwapani, ikapigwa kwa viganja, na mpigaji huenda pamoja na wachezaji, akipanda na kushuka njia za migomba mpaka mlango wa mwenye shughuli. Ndugu zetu wa African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Paul David Zakayo Kivuli mwaka 1942, wajulikana kwa maandamano yao ya Jumapili barabarani, na bendera na kanzu nyeupe. Na ngoma zao ziko pale pale barabarani pamoja nao. Katika nchi yetu ngoma isiyoweza kutembea hukosa nusu ya kazi zake. Vijana wanne walikubali, ingawa mmoja wao hakufurahi, na hata leo hajafurahi sana.

Wapo waliotuambia kwamba kijana maskini apige alicho nacho, wala asidai chombo bora. Neno hili lina upande wake wa kweli. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, na wenzake wa mtindo wa omutibo, walipiga gitaa likifuatwa na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kwa chuma, na chupa hiyo ilisikika katika redio za Afrika Mashariki yote. Huko Trinidad, watawala walizuia upigaji wa ngoma za ngozi katika miaka ya 1880, watu wakageukia mianzi. Baadaye, katika miaka ya 1930 na 1940, vijana wa mitaa ya maskini wakachukua mikebe na mapipa ya mafuta, wakayafinya mpaka yakatoa sauti za nyimbo. Mwaka 1951 bendi yao ilikwenda London katika Maonyesho ya Uingereza. Lakini wale vijana hawakuridhika na pipa kama lilivyotoka kwa mwenye mafuta. Waliligonga nyundo usiku na mchana mpaka likawa chombo bora. Umaskini uliwapa bati. Kazi yao ndiyo iliyolifanya chombo. Vijana wetu nao hawakuja kudai anasa. Walitaka ngoma isiyopasuka.

Sasa twafika kwenye kosa letu la kwanza. Kwa kuwa tulikuwa na haraka, tulimwendea fundi mmoja ambaye hatutamtaja, tukampa rubuni ya Sh. 7,000 kwa ngoma mbili. Baada ya wiki tatu alituletea moja, nzuri sana machoni, imepakwa rangi inayong'aa. Ilikuwa ya mti mbichi. Siku ya tisa ikalia usiku ndani ya nyumba, mlio kama wa bunduki ya mtoto, na asubuhi tukakuta ufa kutoka mdomo hadi mdomo. Ile ya pili hatukuiona, na fundi hatukumwona tena. Sh. 7,000 ni karibu robo ya fedha zote tulizokuwa nazo. Tumeziandika katika hesabu kama hasara, wala hatukuzitawanya katika mistari mingine, ingawa palikuwa na mwenye kutushauri hivyo.

Hasara hiyo ilitufundisha kuuliza swali ambalo yatupasa tungaliuliza mwanzo: ngoma hutengenezwaje? Ni aibu kwamba katika Kamati ya watu saba, wote wazaliwa wa hapa, hapakuwa na hata mmoja aliyejua. Tulimpata mzee mmoja upande wa Shinyalu, mwenye tezo tatu na macho yasiyoona mbali, ambaye alikuwa hajachonga ngoma kwa miaka kadhaa. Tulipomwuliza sababu alisema hakuombwa. Wanawe wako Nairobi na Eldoret. Tulipatana naye Sh. 9,000 kwa ngoma tatu, kwa sharti moja ambalo alilitoa yeye, si sisi: kwamba vijana wawili wakae naye tangu gogo mpaka ngozi, na wasipokuja siku moja, kazi isimame siku hiyo.

Habari ya mti kwanza. Kila mtu hapa ajua kwamba tuna msitu mkubwa, kiasi cha kilomita za mraba 240, uliofanywa hifadhi mwaka 1933, na upande wake wa Buyangu ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Zamani mchonga ngoma aliingia msituni akachagua. Leo hawezi, na sisi Chama hatutaki aweze, maana msitu huo ndio masalio ya mwisho upande wa mashariki ya ule msitu mkubwa wa Kongo, na ukiisha hautarudi kwa karo wala kwa harambee. Kwa bahati kulikuwa na mukumari ulioangushwa na upepo katika shamba la mwanachama wetu mmoja, mama mjane, naye alitupa shina bila malipo. Twamshukuru mbele ya mkutano huu. Tulilipa Sh. 3,200 kwa kupasua na kuchukua.

Mukumari mwaujua: ule wenye maua meupe yapendwayo na nyuki, ambao baba zetu waliuacha katikati ya mashamba. Jambo ambalo hatukulijua, na ambalo lilitufurahisha mno, ni kwamba mti huo huo ndio Warundi huchongea ngoma zao za kifalme, na katika lugha yao wauita umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Basi ule upepo haukuwa mjinga.

Mzee alikata shina vipande vitatu, akapaka ncha za kila kipande kinyesi cha ng'ombe. Vijana walicheka. Akawaeleza kwamba mti hukauka upesi kwenye ncha na polepole katikati, na kwa sababu hiyo ncha husinyaa kabla ya kiwiliwili, ufa ukaanza hapo. Ukizifunika ncha, mti hukauka wote kwa mwendo mmoja. Kisha, mti ukingali mbichi na laini, akauchimba ndani, akautoa moyo wote, akaacha ukuta mnene kuliko unaotakiwa. Moyo wa mti ndio adui, alisema. Ukiuacha ndani utaupasua ukuta. Baada ya hapo mizinga ililazwa kivulini, mbali na moto na mbali na jua, kwa miezi, ikigeuzwa kila juma. Mji wetu hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mti hapa hauna haraka ya kukauka. Yule fundi wetu wa kwanza angalitaka kuifanya kazi hii vema, asingaliweza kuifanya kwa wiki tatu. Nasi tuliompa wiki tatu tulikuwa na sehemu yetu katika ule ufa.

Ngozi ndiyo iliyotuletea shida kubwa zaidi, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Ngozi ya Isukuti kwa desturi ni ya kenge. Ni nyembamba na ngumu, na sauti yake ni kali na kavu; mpigaji aliyeizoea husema ngozi nyingine zote zina mafua. Lakini Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuua mnyama wa porini, au kuwa na kiungo chake au kufanya biashara yake, bila ya kibali, na adhabu zake si za mchezo. Hata pembe ya swala imo katika hesabu hiyo. Kijana wetu mmoja, mpigaji hodari kuliko wote, hakutuambia neno. Alikwenda mtoni kwa mtu ajuaye kutega, akampa Sh. 1,500 za mfukoni mwake kuwa rubuni ya ngozi mbili. Tulipopata habari tulimwita. Hakukana. Alisema: "Ninyi mwataka Isukuti iokolewe, lakini mwataka iokolewe ikiwa na sauti nyingine."

Hatuna budi kukiri kwamba hakuna mjumbe aliyekuwa na jibu la papo hapo. Tulikaa mpaka giza likaingia. Mwishowe tuliamua kwamba Chama hakiwezi kuweka ngoma ya kenge juu ya kitabu chake, kwanza kwa ajili ya sheria, na pili kwa sababu kijana akikamatwa na ngoma njiani si Kamati itakayolala mahabusu. Tuliamua pia, kwa kura nne dhidi ya tatu, kwamba Chama kisimrudishie zile Sh. 1,500. Kura hiyo baadhi yetu twaijutia. Kijana alijitenga na kikundi miezi miwili. Wenzake walichanga nusu ya fedha hizo wakampelekea nyumbani kwao, bila kutuuliza, naye akarudi. Tuliyasikia hayo kwa watu wengine.

Basi tukatumia ngozi ya mbuzi, kutoka machinjioni, Sh. 1,200 kwa ngozi zote. Ya kwanza ilikuwa ya beberu mzee, nene, na ngoma ikanung'unika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mzee aliibandua siku iyo hiyo. Aliwaeleza vijana kwamba sauti hupanda ngozi ikiwa nyembamba, ikivutwa sana, na mdomo wa ngoma ukiwa mdogo. Mdomo ulikuwa umekwisha kuchongwa, kwa hiyo palisalia mambo mawili. Akachagua ngozi ya mwana-mbuzi, akailoweka usiku kucha, akaikwangua manyoya na utando wa ndani kwa kigae cha chupa mpaka mwanga ukapita, akaiwamba ingali mbichi, kigingi hiki na cha upande wa pili, kisha hiki na cha pili, asizunguke kwa mfululizo. Ikaachwa ikauke kivulini siku nne. Jua la mchana lingaliikausha upesi ikararuka kwenye vigingi. Tulipoisikia siku ya tano, haikuwa sauti ya kenge. Ilikuwa sauti ya mwana-mbuzi, nyororo kidogo, lakini ilifika ng'ambo ya bonde. Yule kijana wetu aliipiga kwa muda mrefu bila kusema, kisha akaomba moto wa majani makavu aikaze zaidi. Twalichukua hilo kuwa jibu. Na kwa pembe, sasa hutumia ya ng'ombe.

Tulijaribu pia jambo la kisasa, tusije tukaitwa wazee wa kale. Tulinunua bomba pana la plastiki, lile la maji machafu, kwa Sh. 1,400, tukalikata, tukaliwamba ngozi zilizosalia. Sauti yake ni kavu wala haina kifua. Lakini halipasuki, halioti ukungu, na mtoto akiliangusha hakuna anayelia. Tumelitoa kwa watoto wadogo wa siku ya Jumamosi, na sasa wako kumi na wanne wanaojifunza mapigo kabla ya kugusa ngoma ya mti. Jambo hili tunalipendekeza kwa matawi mengine, kuliko yote tuliyofanya kwa bei ndogo.

Lipo neno la wasichana wawili. Mmoja wao aliomba kupiga ngoma ya kati. Katika Isukuti wanawake wana safu yao na kazi yao, na wazee wawili walituandikia kupinga. Wengine walituambia tuangalie Burundi, ambako amri ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma ile ya kifalme. Sisi hatuna amri ya namna hiyo, wala hatuitaki. Lakini hatukutaka pia kuwavunjia heshima wazee kwa kura ya Kamati. Tulimwuliza fundi. Alisema ngoma aliyoichonga haikumwuliza. Mpaka sasa msichana huyo hupiga katika mazoezi na katika harusi za jamaa zake, hapigi mazishini, na barua za wazee tumezijibu kwa adabu. Jambo hilo hatukulimaliza.

Turudi kwa fedha, kwa ajili ya mzee wetu aliyeuliza. Chama kilitoa Sh. 24,000 na vijana Sh. 6,350, jumla Sh. 30,350. Mbali na hayo tuliyokwisha kuyataja, fundi amelipwa Sh. 6,000, na kanda, mafuta, vigingi na nauli vilikula Sh. 1,950. Yote yaliyotumika, pamoja na ile hasara, ni Sh. 20,750. Zimebaki Sh. 9,600, na katika hizo Sh. 3,000 ni za fundi. Ngoma mbili, ya kati na ndogo, zilianza kazi mwezi wa Septemba, zikifuatana na ile kubwa ya zamani yenye bati. Ile ya jirani imerudishwa kwake, na kuku mmoja juu yake. Vijana wamekwisha kuitwa mara nyingi kuliko mwaka jana, na wamerudisha Sh. 5,500 za mkopo. Wamebaki na Sh. 18,500, bila riba, mpaka Desemba ya mwaka ujao. Wasipoweza kumaliza, tutawajulisha ninyi mliotoa fedha, nao watakuwapo kujieleza.

Kuhusu swali lenyewe, kama Chama hiki ni cha kucheza: twakumbuka kwamba mwezi wa Oktoba, tulipomzika mwenzetu aliyekuwa mkaguzi wetu wa hesabu, mvua ilinyesha tangu asubuhi, ngozi zikalegea, na vijana walisimama jikoni kwa mama wa nyumba wakizikausha juu ya makaa, zamu kwa zamu, ngoma moja ikipigwa nje na nyingine ikiota moto, mpaka mwili ulipotoka. Hawakulipwa siku hiyo wala hawakudai. Kama huo ni mchezo au si mchezo, waliokuwapo waweza kusema.

Tumebakiza mambo mawili. Vijana wawili wa fundi sasa waweza kuchimba mzinga peke yao, lakini hawana tezo. Ya kwao waliazima. Twaomba mkutano uruhusu sehemu ya zile fedha zilizobaki inunue tezo mbili na patasi. Pili, mama yule mjane ametupa miche thelathini ya mukumari iliyoota chini ya mti wake ulioanguka, na twataka wanachama wa kuipanda mipakani mwa mashamba yao. Karatasi ya kuandika majina iko mlangoni.

Ngoma ya tatu, ile kubwa, haijawambwa. Imelazwa juu ya mbao ghalani, nyuma ya jumba hili, na fundi asema isiguswe kabla ya Januari. Atakayependa kuiona baada ya mkutano, ufunguo uko kwa Katibu. Twamwomba tu asiigonge.